Sifa za Impela Iliyoganda

Tumeshawasifu sana mashujaa, maharusi na wagombea. Leo ni zamu ya impela iliyoganda ndani ya pampu ya maji, kiumbe anayetukanwa na kila mwenye tangi juu ya paa bila kupata wa kumtetea.

Tuanze na nasaba. Katika zile pampu ndogo za hospawa nusu, mheshimiwa huyu ni kisahani cha shaba chenye vijino ukingoni, kinachoenea kiganjani. Makao yake ni chuma cha kusubu, na baina yake na ukuta pana mwanya usiofika hata milimita moja. Akiwa kazini huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na hapewi hata asante. Masika yakiingia, mapipa yanajaa maji ya mvua na pampu inasahauliwa uani. Chuma kinaota kutu, maji ya kisima cha Dar es Salaam yanaacha chumvi yake, mwanya unaziba. Mheshimiwa anakaa, na akikaa amekaa.

Sifa yake ya kwanza ni msimamo. Kiangazi unabonyeza swichi, mota inanguruma nnnnn, shafti haisogei. Umeme unaovutwa hapo ni mara kadhaa ya ule wa kawaida, na yuniti za LUKU zinateketea bila tone kupanda. Ukizidi kulazimisha, zitakazoungua ni koili za mota. Yeye hata jasho halimtoki.

Sifa ya pili, anawaumbua watu. Shemeji, ambaye hajawahi kufungua hata kufuli, anatangaza kuwa kapasita imekufa. Jirani anakuja mbio na nyundo. Nyundo hiyo itapasua sili ya kauri, itaumiza beringi na kupinda vijino. Impela huenda ikatoka kweli, ila itatoka pamoja na pampu nzima, kuelekea kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Sifa ya tatu ni haki: hanunuliki wala hatishiki, lakini afuataye utaratibu hamnyimi. Chomoa plagi. Fungua kifuniko cha feni nyuma ya mota. Mara nyingi ncha ya shafti ina mkato wa bisibisi. Ingiza bisibisi, bembeleza kushoto, bembeleza kulia. Akikataa, fungua boliti za uso wa pampu, mnyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, kisha mwache alale nayo. Asubuhi mtazame karibu na kitovu. Impela nyingi za shaba zina matundu mawili yenye nyuzi, na hayakutobolewa kwa urembo. Tia boliti mbili, kaza robo mzunguko huku, robo kule, kwa zamu. Anateleza nje taratibu, na unga wa kutu ukimdondoka. Fundi anayeyajua matundu hayo atakutoza fedha ya ujuzi, na ni halali yake.

Wapo mahasidi wanaotaka kumpokonya mheshimiwa cheo chake. Wanashauri pampu ijazwe maji na kuwashwa dakika moja kila wiki, hata wakati wa mvua, kwa kuwa impela isiyolazwa haigandi. Ushauri huo ni wa bure, hauhitaji spana wala fundi, na ndiyo maana hakuna anayeufuata. Cheo kiko salama.