Mauaji Yenye Mwanga wa Kutosha: Mhadhara wa Uzinduzi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji, Mheshimiwa Mtendaji, wazee wangu mliotoka Kilosa mjini kwa nauli zenu, madereva wa malori mnaosubiri spea, kina mama wa vitunguu na ndizi, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa.

Aliyepangwa kunitambulisha amechelewa, kwa hiyo nitajitambulisha mwenyewe, kazi ambayo hata hivyo hakuna aliye na sifa za kuifanya kunizidi. Mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Maadili ya Mauaji ya Runinga, Kanda ya Kilosa na Mikumi. Shahada yangu nimeipata humu humu, ndani ya kibanda umiza hiki ninachokimiliki, mbele ya runinga ya inchi 32. Mtahini nilikuwa mimi. Alinibana sana, lakini nilimshinda.

Swali la leo ni hili: je, ni haki kumuua mnyama ili watu waburudike kwa kumtazama akifa? Wasomi wa Ulaya na Marekani wanagombana juu yake miaka nenda miaka rudi, na wameshindwa kwa sababu moja tu, hawakunipigia simu. Jibu ni fupi. Ni haki, mradi mwanga uwe wa kutosha.

Msinipigie makofi bado. Tupite kwanza kwenye historia, maana msomi asiye na tarehe ni mpiga porojo.

Mwaka 1928, Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe kutoka Marekani, walitoa filamu yao ya *Simba*, waliyoipiga huku kwetu Afrika Mashariki. Humo mnawaona wenyeji wakimuua simba kwa mikuki mbele ya kamera. Zingatieni utaalamu uliotumika: mwenyeji anaua, mgeni anazungusha mkono wa mashine, na tiketi zinauzwa Marekani. Mwenyeji huyohuyo, siku ambayo mashine haipo, ni jangili.

Mwaka 1958 kampuni ya Walt Disney ikatoa *White Wilderness*, filamu ya wanyama wa nchi za barafu. Kuna vijinyama jamii ya panya huko, huitwa lemming, na watazamaji waliambiwa kwamba vinajitosa majini kwa makundi. Vijinyama hivyo havikuwa hata wenyeji wa pale filamu ilipopigwa. Vilinunuliwa jimbo jingine la Kanada, vikasafirishwa, kisha vikasukumwa kutoka kwenye mwamba. Filamu ikapata tuzo ya Oscar, na ukweli ukaja kutangazwa na runinga ya Kanada mwaka 1982. Kuna watu humu wanaguna. Mnaguna nini? Kumsukuma mnyama kisha kumsingizia kwamba amejiua si jambo dogo. Kunahitaji bajeti.

Mwaka 1965 runinga ya ABC ya Marekani ikaanzisha kipindi cha *The American Sportsman*. Watu mashuhuri walipelekwa huku na huko kuvua na kuwinda, na familia zikawatazama sebuleni zikiwa zimenyoosha miguu. Kipindi kilidumu miaka zaidi ya 20. Nyie mmewahi kuona kipindi cha kilimo kikidumu miaka 20?

Sasa nakuja kwenye kilele cha fani yangu, na naomba utulivu. Mwaka 1966 Waitaliano wawili, Jacopetti na Prosperi, walitoa *Africa Addio*. Walizunguka bara hili wakati bendera za wakoloni zinashushwa, wakapiga picha za tembo na viboko wakiuawa, nyama juu ya nyama, damu juu ya damu. Na mkanda huohuo una picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja, Januari 1964: watu wanakimbia, na maiti zimelala chini. Tembo, kiboko na mtoto wa mtu wa Unguja, wote kwa tiketi moja. Wasiojua sanaa walilia. Mimi niliona usawa. Kamera ikishazoea kutazama kifo bila kuuliza kitu, haichagui miguu minne wala miwili. Nilitaka kusema jambo jingine hapo, limenitoka. Tuendelee.

Mwaka 2009 maadili yalitetereka kidogo. Kwenye kipindi cha Waingereza kinachopigwa msituni Australia, watu maarufu wawili waliona njaa, wakaua panya, wakampika, wakamla. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kikafungua kesi, na kituo cha ITV kikapigwa faini ya dola 3,000 za Australia. Panya mmoja! Hapa kwetu, thamani ya swala pala inayosomwa mahakamani ni dola 390 za Marekani. Chukueni kikokotoo, badilisheni fedha kwa viwango vya wakati ule: panya aliyeonekana kwenye runinga anawazidi swala pala sita wa Mikumi. Mtaniambia tena kwamba runinga haiongezi thamani?

Halafu 2013. Mwindaji mmoja wa Marekani, Tony Makris, alimpiga tembo risasi ya uso huko Botswana, na kituo cha NBC Sports kikarusha kipindi hewani. Watu wakaja juu. Yeye akajibu kwamba wanaomwona tembo ni bora kuliko wanyama wengine ni wabaguzi, akawafananisha na Hitler. Kipindi kikafutwa. Nasikitika sana. Mtu aliyeua tembo kisha akajitokeza kama mtetezi wa haki za wanyama wengine angestahili kiti cha heshima kwenye chuo changu.

Msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2014, Bungeni Dodoma, Mheshimiwa Peter Msigwa aliwasilisha mkanda wa wageni waliokuja kuwinda nchini kwa kibali: wanyama wanafukuzwa kwa magari, wadogo hawaachwi, mateso mbele ya kamera, na vicheko. Waziri wa Maliasili wa wakati huo, Lazaro Nyalandu, akaifutia leseni kampuni iliyowaleta. Fundisho la kitaalamu ni kwamba wageni wale hawakukamatwa na askari wa porini. Walikamatwa na mkanda walioupiga wao wenyewe, kwa furaha yao.

Tuje nyumbani. Barabara ya Iringa inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Mnajua kinachotokea. Lori la shaba kutoka Zambia linashuka saa nane za usiku, dereva anasinzia, nyati anavuka. Asubuhi basi la kwanza linapunguza mwendo, abiria wanasimama kwenye viti, simu zinatoka madirishani, na ngiri aliyekuja kuchungulia naye anapata umaarufu. Mimi hulia nikifikiria hasara hiyo. Mauaji ya bure kabisa! Hayana mwongozaji, hayana muziki, na mwanga ni wa taa za lori peke yake. Serikali ina bei za kila mmoja: nyati dola 1,900, simba 4,900, twiga na tembo 15,000. Bei zipo, wahusika wapo, kinachokosekana ni mtayarishaji.

Na usiku huohuo tembo anatoka hifadhini, anaingia kwenye mahindi ya mtu. Akimkanyaga mwenye shamba, kanuni za mwaka 2011 ziliwawekea wafiwa kifuta machozi cha shilingi milioni moja. Sitafanya hesabu ya kulinganisha hiyo na zile dola 15,000. Mimi ni mtaalamu wa maadili, si wa hisabati.

Naona mkono. Naam, Bibi. Sema tu, usiogope elimu.

Bibi anasema hivi, narudia kwa faida ya walioko nje: "Mwanangu, mjukuu wangu yuko gerezani kwa nyama ya swala. Alitega tupate mboga. Kama kosa ni giza, mbona na yeye alikuwa na simu, na alijipiga picha na yule swala mchana kweupe?"

Shikamoo, Bibi. Swali zuri, ila limechanganya mambo, na nitalichambua taratibu ili lisikuumize. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaiita nyama ile nyara ya Serikali. Mgeni mwenye kibali akijipiga picha na swala aliyemuua, ile ni filamu. Mjukuu wako akijipiga picha na swala aliyemuua, ile ni kielelezo cha upande wa mashtaka. Swala ni yuleyule, jua ni lilelile, na ninavyoambiwa hata simu ilikuwa nzuri. Tatizo la mjukuu wako ni kwamba aliua kwa sababu ya njaa. Njaa haina watazamaji, Bibi. Nani atalipa kiingilio kutazama watu wakila?

Msicheke. Nasema, msicheke! Huu ni mhadhara.

Kwa kuwa muda umekwenda, natangaza maazimio, yamepita bila kupingwa. Moja, anayeua ili ale aone aibu. Mbili, anayeua ili aonekane apewe kibali. Tatu, anayetazama hana hatia yoyote, kwa kuwa yeye amelipa tu, na bila malipo yake kusingekuwa na kipindi. Azimio hili la tatu lisichunguzwe sana, maana linahusu biashara yangu.

Jioni saa moja, humu humu, filamu ya uwindaji, sauti kubwa. Kiingilio shilingi mia tano, watoto wakae mbele waone vizuri. Na wewe kijana hapo mlangoni, shusha simu. Nani amekupa kibali cha kunirekodi?