Nodi Ipi Inakufaa? Mwongozo kwa Asiyejua Anachojitafutia

Umeamua kuendesha nodi, yaani kompyuta yako iwe sehemu ya mtandao wa blokucheini. Hongera. Kauli ya wenyeji ni moja: usimwamini mtu, hakikisha mwenyewe. Anayekuhubiria hayo anatumia pochi ya simu inayouliza nodi ya kampuni fulani. Usimuumbue. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, nayo haijaandikwa popote.

Kwanza, tafuta sababu. Usiseme "faida". Nodi kamili ya Bitcoin hailipi hata senti. Zile bitcoin 3.125 zinazotolewa kwa kila bloku tangu Aprili 2024 ni za mchimbaji, yule anayetengeneza bloku. Wewe kazi yako ni kukagua kama amefuata sheria. Ukaguzi ni wa bure, usiku na mchana, umeme juu yako. Wageni waambie unalinda mtandao. Mwenzio anayenunua umeme wa LUKU mwambie kompyuta inajisasisha. Tahadhari: jibu hilo lina nguvu mpaka uniti ziishe.

Pili, jaribu nodi kamili. Nunua SSD ya terabaiti 1 au zaidi. Diski ya zamani inayozunguka itakuzeesha. Programu itapakua kila bloku tangu tarehe 3 Januari 2009, zaidi ya gigabaiti 600. Kwa hiyo soma masharti ya bando lako lisilo na kikomo, hasa pale kikomo kilipoandikwa. Miaka ya mwanzo tarehe kwenye skrini itakimbia, kwa sababu bloku zilikuwa karibu tupu. Utapiga picha umrushie rafiki. Usirushe. Ukikaribia 2017 bloku zimejaa, na feni itaanza kulalamika. Tahadhari: umeme ukikatika katikati, programu inaweza kukuomba ijenge faharasa upya. Kubali, maana hujapewa njia nyingine.

Tatu, ukiona nafasi haitoshi, chagua nodi iliyopogolewa. Hii inaweza kubakiza megabaiti 550 tu za bloku za karibuni, pamoja na gigabaiti kadhaa za orodha ya sarafu ambazo bado hazijatumika. Utafurahi, halafu utagundua kuwa ili ipogoe ni lazima ipakue zile gigabaiti 600 zote na kuzikagua, ikizifuta kadiri inavyoendelea. Umeokoa diski, hukuokoa bando. Na mgeni akiiomba bloku ya zamani, haina cha kumpa. Tahadhari: ukisahau na kutaka historia yote irudi, unaanza tena 2009.

Nne, kama una pesa za kuchezea, iko nodi ya kumbukumbu ya Ethereum, blokucheini nyingine. Hii inatunza hali ya kila akaunti katika kila bloku tangu Julai 2015. Ukitaka kujua fulani alikuwa na salio gani alfajiri moja ya mwaka 2016, itakujibu. Hutataka kujua. Kwa mpangilio wa zamani wa programu ya Geth, anasa hiyo inakula zaidi ya terabaiti 12. Wanaoihitaji kweli ni wenye tovuti za kufuatilia miamala, nao ni biashara yao. Tahadhari: muuza diski wa Kariakoo akisikia "terabaiti 12" atakuvutia kiti. Usikae.

Tano, mthibitishaji. Hatimaye, nodi inayolipa! Tangu Septemba 2022 Ethereum haichimbwi: unaweka dhamana ya ETH 32 (sarafu ya Ethereum), unapewa zamu ya kupiga kura juu ya bloku. Ukizimika unakatwa kidogo kidogo, kiasi cha kuudhi tu. Basi litakujia wazo la busara: kompyuta ya akiba kwa shemeji Morogoro, yenye funguo zilezile, ili Dar ikikatika umeme kule kuendelee. Umeme utarudi, mashine mbili zitatia saini kwa ufunguo mmoja, na kura zikipingana mtandao utakuhesabu tapeli. Dhamana inamegwa, nawe unatolewa nje. Tahadhari: adhabu ya uzembe ni ndogo kuliko adhabu ya kujiandaa.

Sita, nodi nyepesi. Karibu, wote huishia hapa. Inachukua vichwa vya bloku tu, kwa Bitcoin baiti 80 kila kimoja. Vyote tangu mwanzo havijafika megabaiti 100. Yaliyobaki inauliza wenye nodi kamili. Ukichoka hata na hiyo, pakua pochi ya simu ambayo haitunzi chochote na inaamini kila inachoambiwa. Uko pamoja na wengi: Novemba 2020 Infura, kampuni inayowahudumia wengine kwa nodi zake za Ethereum, ilikwama kwa sababu ya toleo la zamani la Geth, na pochi zilizojisifu kuwa hazina bosi zikaduwaa kumsubiri bosi. Tahadhari: ikikwama tena usiwe wa kwanza kulalamika, watajua unatumia nini.

Sasa uza ile SSD kabla haijajazwa video za harusi. Ila hamisha funguo zako kwanza. Kule Newport, Wales, diski yenye funguo za bitcoin zipatazo 8,000 ilitupwa dampo mwaka 2013. Mwenyewe alikwenda mahakamani kudai ruhusa ya kufukua takataka, na Januari 2025 jaji akaitupa kesi yake. Kwa hatua hiyo hakuna nodi ya kupendekeza.