Besi ya Kibao cha Namba

Wapo vijana wa mjini ambao gari lao unalisikia tangu kona ya pili, na usichokisikia ni besi. Kinacholia ni kibao cha namba, kava la mlango na sarafu za chenji. Mwenyewe kashazungusha kitufe cha besi hadi mwisho, anatikisa kichwa, anaamini mtaa mzima unamwonea wivu. Muulize kuhusu amplifaya na subwufa, atakwambia atanunua mwisho wa mwezi. Wa mwaka gani, hasemi.

Hebu ufungue mlango wa hilo gari lake, Vitz. Fundi kaunga nyaya za spika ya kushoto kinyume, chanya kwenye hasi: moja ikisukuma hewa nyingine inavuta, na besi inajifia baina yao. Kugeuza nyaya mbili hakugharimu kitu. Nyuma ya spika bati lina matundu makubwa, na ile nailoni ya kuyaziba iliondoka na aliyetengeneza kioo. Sauti ya nyuma inapenya inakuja kuifuta ya mbele. Yazibe kwa mpira wa kunata (vitundu vya chini vya kutolea maji uviache), zungushia spika sponji, kaza skrubu zote, maana kati ya nne huwa zimebaki mbili. Mtetemo wa hertz 30 usiuote. Spika ya inchi 6 haina mapafu hayo.

Kisha rudisha kitufe katikati. Hapo ndipo mtakapogombana.

Stika ya subwufa kwenye kioo cha nyuma, hiyo tayari anayo.