Kitimoto Isiyopita Motoni: Ubao wa Krismasi wa Ughaibuni, kwa Ndugu wa Kasulu na Kibondo

Ubao wa shakuteri ni kipande cha mbao kinachopangiwa nyama baridi, jibini, matunda, lozi, zeituni na biskuti za chumvi, kisha kikawekwa mbele ya wageni ili kila mmoja adokoe akiwa amesimama. Marekani na Ulaya huonekana mwaka mzima, lakini hukolea Desemba. Haupikwi, hauna mchuzi, hauna ugali, na mwenye nyumba hatarajiwi kuomba radhi kwa lolote kati ya hayo. Kosa ambalo mtoto wa Kibondo huchapwa kwalo, yaani kudokoa nyama kabla haijapakuliwa, ndiyo adabu yenyewe ya ubao. Kwa msomaji wa Kasulu, ambako Desemba ni mvua, palizi ya mahindi, na mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba akisubiri tarehe 25, kitu hiki kinahitaji maelezo, hasa kwa kuwa picha zake zimeshafika huko kwa simu na kuzua maswali.

Maswali huja kwa utaratibu usiobadilika. La kwanza: nyama mbona mbichi? La pili: chakula chenyewe kinaletwa saa ngapi? La tatu: hao wageni wana njaa au wamepita tu? La nne haliulizwi kwenye kundi la ukoo bali kwa kupigiwa simu faraghani, nalo linahusu bati. Litafikiwa mahali pake.

Nyama ya ubao si mbichi, ingawa haijaona moto. Proshuto, iliyo maarufu kuliko zote, ni paja la nyuma la nguruwe lililopakwa chumvi, likapumzishwa kwenye baridi, kisha likatundikwa mahali penye hewa kwa mwaka mmoja na zaidi. Chumvi hutoa maji; palipo pakavu bakteria wa kuozesha hawana maisha, na paja hupoteza zaidi ya robo ya uzito wake. Huko Parma, Italia, kanuni za wazalishaji huruhusu viungo viwili tu, nguruwe na chumvi, na kazi iliyobaki hufanywa na muda. Ni kitimoto iliyosubiri badala ya kuchomwa. Salami hupita njia nyingine: nyama husagwa pamoja na mafuta, chumvi na pilipili manga, hujazwa kwenye utumbo, kisha huachwa ichachuke. Kazi hiyo hufanywa na bakteria wa asidi ya laktiki, ukoo uleule unaogandisha maziwa ya mtindi na kuchachusha muhogo unaovundikwa Kigoma kabla ya kuanikwa na kutwangwa. Kile cheupe juu ya ganda la salami si vumbi. Mara nyingi ni ukungu uliopandwa makusudi, na mgeni anayeupangusa kwa leso huchekwa. Wekundu wa salami hutunzwa na chumvi za naitraiti, ambazo pia humzuia bakteria wa botulismu, sumu ambayo haina utani.

Utaalamu huu ulizaliwa na hofu ya njaa. Katika Ulaya ya kale nguruwe walichinjwa mwanzoni mwa majira ya baridi, malisho yakiisha, na nyama ilipaswa kumfikisha mkulima hadi majani yaote tena. Paris ilikwisha kuwa na chama cha wauzaji wa nyama ya nguruwe iliyopikwa, chenye haki zake rasmi, mwaka 1476. Sababu ni ileile inayowafanya dagaa wa Ziwa Tanganyika waanikwe na migebuka ibanikwe kwa moshi kabla ya kupandishwa Kasulu: samaki mbichi hangoji gari lililokwama kwenye tope. Tofauti ni kwamba dagaa bado wanafanya kazi waliyoajiriwa, ilhali salami imestaafu. Nchi yenye majokofu kila jikoni haina haja ya kukausha paja la nguruwe mwaka mzima, kwa hiyo akiba ya njaa imegeuka pambo la wenye shibe. Jambo hilo likieleweka, hata swali la tatu linakuwa limejibiwa: wageni wa ubao hawana njaa, na kuwa nayo ni kukosa adabu.

Wenye bidii wasijaribu kuigiza proshuto kwa kitimoto ya mnadani. Nguruwe wanaozurura na kula kinyesi wanaweza kuwa na malengelenge ya tegu nyamani. Anayeila nyama hiyo bila kuiva hupata mnyoo tumboni. Mayai ya mnyoo huyo, yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono au maji machafu, huzaa viluwiluwi vinavyoweza kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Kasulu, kitimoto na iendelee kuungua.

Jibini haina haja ya maneno mengi. Ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji, yakatiwa chumvi na kuachwa yazeeke. Ubao wa heshima huwa na tatu: laini, mfano brie, ngumu, mfano parmesan, na yenye mishipa ya ukungu wa buluu, mfano Roquefort ya Ufaransa, ambayo huivishwa mapangoni. Harufu ya baadhi yake humfanya mgeni kutoka Buha, yaani Kasulu, Kibondo na jirani zake, asogeze kabati akimtafuta panya aliyekufa. Anashauriwa kutafuta kimyakimya.

Kupanga kuna utaratibu wake. Bakuli ndogo za asali, haradali na achari hutangulia, kwa sababu ndizo zisizokunjika. Jibini hufuata, zikiwa zimetolewa kwenye jokofu nusu saa hadi saa nzima kabla, kwani baridi kali huficha ladha. Kisha nyama, kisha biskuti na vipande vya mkate, kisha zabibu, tini, komamanga na tende, na mwisho lozi na zeituni zinazomwagwa penye nafasi hadi mbao isionekane kabisa. Kipimo kinachotajwa na wengi ni gramu 60 hivi za nyama kwa mtu, na kiasi kama hicho cha jibini. Kwa kipimo cha Kibondo hiyo ni nyama ya kuonja chumvi.

Ustadi hupimwa kwa waridi la salami. Vipande vyembamba vya duara hukunjwa kwenye ukingo wa glasi ya mvinyo, nusu ndani na nusu nje, kila kimoja kikilalia nusu ya mwenzake, mzunguko baada ya mzunguko, hadi tundu la katikati lizibe. Glasi hupinduliwa juu ya ubao na kunyanyuliwa taratibu; ua la nyama hubaki. Watu wazima wenye shahada hupiga makofi. Kilichotumika ni salami isiyotosha kujaza mkate mmoja.

Krismasi huongeza kitovu, yaani pambo la katikati ambalo nalo huliwa. Aina yake nyepesi ni duara zima la brie lililofunikwa kwa unga wa maandazi ya tabaka, likakatiwa nyota za unga juu, likaokwa nusu saa hivi kwenye joto la nyuzi 200 za Selsiasi. Likitoka lisikatwe papo hapo, maana jibini itakimbilia mapajani mwa wageni. Dakika kumi za subira zinatosha. Aina ya kizamani zaidi ni bonge la jibini ya kupaka lililofinyangwa umbo la tunda la msonobari na kuchomekwa lozi pande zote. Ipo pia ya mti wa Krismasi: zeituni, nyanya ndogo na vipande vya jibini hutundikwa kwa vijiti vya kuchokolea meno juu ya koni. Huitwa pambo linaloliwa, lakini vijiti haviliwi, na kila mwaka yupo anayesahau.

Lakini kilele cha kazi hii ni nyumba. Katika miaka ya korona, watu walipozuiwa kukusanyika, ubao wa pamoja ulivunjwa ukawa vikombe vya mtu mmoja mmoja, jambo la kusikitisha kwa yeyote aliyelelewa kwenye sinia. Na majumbani, familia zilizofungiwa ndani zikaanza kujenga vibanda vya nyama. Mfano wake ni nyumba ya biskuti za tangawizi inayojengewa watoto Ulaya na Marekani, ila hii ni ya watu wazima. Kuta ni vijiti vya mkate mkavu na salami nyembamba zilizolazwa mithili ya magogo. Saruji ni jibini ya kupaka, ambayo lazima iwe ya baridi la sivyo ukuta unaserereka. Paa huezekwa kwa vipande vya salami kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikilalia iliyotangulia, ili mvua isiyokuwepo isipenye. Mlango ni biskuti, uzio ni matango ya siki, miti ya uani ni matawi ya rozimari, theluji ni parmesan iliyokunwa. Msingi haupo, na fundi mzuri hulikubali hilo mapema. Jioni nzima hujengwa. Dakika kumi hubomolewa, na wa kwanza kung'oa kipande cha paa kwa kawaida ni mtu aliyeapa kwamba hana njaa.

Hapa ndipo swali la nne linapoingia. Zama za mkonge, vijana wa Kasulu na Kibondo waliokwenda manamba Tanga walitarajiwa kurudi na nguo na baiskeli. Aliyeko ughaibuni leo anatarajiwa kutuma bati. Nyumba ya tofali za kuchoma imefika kwenye lenta, mbao za kenchi zimenunuliwa, na bati za geji 28 zimeahidiwa tangu kiangazi. Katikati ya mvua za Desemba inaingia picha: mwana wa nyumba hiyo, akiwa na aproni, anaezeka nyumba kwa soseji. Hakuna maelezo yanayoweza kuliokoa jambo hili. Kusema kwamba gharama ya paa la salami haifikii hata nusu bando ya bati ni kweli kihesabu, na ni kosa kidiplomasia. Wenye uzoefu hawatumi picha ya nyumba. Hutuma ya waridi, nalo hudhaniwa kuwa kachumbari.

Upande wa Marekani wapo wanaozijua nyama hizi kuliko waandaaji wa karamu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na kutoka huko na kambi nyingine za Kigoma maelfu ya Wakongo na Warundi wamehamishiwa miji kama Boise, Louisville na Des Moines. Baadhi yao hufanya kazi kwenye viwanda vya nyama. Mtu aliyekata mapaja ya nguruwe zamu nzima, amevaa koti ndani ya chumba cha baridi, akialikwa jioni kustaajabia vipande sita vya paja hilohilo vilivyokunjwa riboni, hustaajabu kweli, ila si kwa sababu iliyokusudiwa.

Dini nayo hudai mipango. Waislamu hawali nguruwe, Wasabato hawali nguruwe, na Buha ina wote. Hospitali ya Heri huko Manyovu ni ya Wasabato. Mwandaaji mwenye busara hutenga ubao wa pili wenye visu vyake, mbali na wa kwanza, wala si kona ya ubao uleule, kwa sababu tone moja la mafuta likigusa zabibu ubao wote umekwenda. Nyama za ng'ombe za kukausha zipo: bresaola ya Italia, pastirma ya Uturuki, biltong ya Afrika Kusini. Kwa Mwislamu inabaki kuthibitisha kwamba ng'ombe alichinjwa kihalali, kwani kutokuwa nguruwe hakutoshi.

Ubao una muda wake. Kanuni ya Marekani ni saa mbili nje ya jokofu kwa vyakula vinavyoharibika, na saa moja tu joto likipita nyuzi 32. Wajawazito hushauriwa kujiepusha na nyama baridi na jibini laini za maziwa yasiyochemshwa, kwa ajili ya bakteria wa listeria. Shangazi anayefunga mabaki ya ubao uliokaa tangu mchana kwenye mfuko wa plastiki ili yaliwe kesho anatimiza desturi njema kwa chakula kisicho sahihi.

Anayetaka kuuandaa Kasulu hahitaji kitu cha Parma, na asiagize: forodha za nchi nyingi ni kali kwa nyama inayosafiri mikobani, pande zote mbili. Achukue ungo au sinia pana. Migebuka ya moshi ichambuliwe miiba. Dagaa wakaangwe hadi wakauke na kukamuliwa limau. Nyama ya mbuzi ya kubanika ikatwe vipande vidogo. Pawe na parachichi, nanasi, ndizi mbivu, karanga za kukaanga, kachumbari, na bakuli ya asali ya Kibondo. Muhogo wa kukaanga usimame mahali pa biskuti. Jibini ikikosekana isililiwe. Kitovu ni ugali wa muhogo uliofinyangwa kilima, kileleni pakachimbwa shimo la mawese ya moto yenye pilipili. Hauna uzuri wa waridi, na picha yake haimtishi mtu, lakini ni kitovu pekee katika maelezo haya yote kinachomaliza njaa.

Ughaibuni, swali la pili hujibiwa na saa. Jua la Desemba huzama mapema, kwenye miji ya kaskazini saa kumi na nusu jioni, na ubao huwekwa karibu na muda huo. Katika nyumba za watu wa Buha sufuria ya ugali hubandikwa saa moja usiku, na wageni wazoefu hudokoa kwa kiasi wakiisubiri. Ubao wenyewe huoshwa kwa maji ya moto na sabuni bila kulowekwa, maana mbao iliyolowa hupinda. Ukishakauka hupakwa mafuta yasiyochacha. Mawese hayafai kwa kazi hiyo: huchacha, na ubao hubaki mwekundu hadi Krismasi nyingine.