Shangazi wa Stendi Anajibu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mhadhiri wa historia ya sanaa, nazunguka shule za Rukwa na projekta begani. Juzi, pale Mwimbi, ndiyo kwanza nafika kwenye Mona Lisa, umeme ukakatika. Mzee mmoja wa nyuma akauliza gizani: "Mwalimu, yule mama alikuwa anacheka nini?" Nikabaki mdomo wazi. – Mhadhiri wa Begi

Marahaba, mwanangu. Umeme ulikusitiri. Yule mama yuko Paris, hana haraka. Ungemwacha acheke zake ukawatoa watu nje. Hukohuko Rukwa, Ufipa, kuna malungu, matanuri ya udongo wa kichuguu yanayozidi kimo cha mtu. Humo wahunzi waliyeyusha chuma bila kuvukuta, upepo ukijiingilia wenyewe kwa matundu ya chini, kisha wakakisafisha kwenye kitanuri kidogo, kintengwe. Lile kubwa wakaliona kama bibi harusi. Sasa ungemuuliza mzee huyo bibi harusi alipambwaje. Yeye angekuwa mhadhiri, wewe ungeshika kalamu, na posho mngegawana. (Najua hapo kwenye posho umekunja uso.)

Shangazi, baba wa mchumba wangu kaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nasafiri nikionyesha watu picha. Kauliza: "Kumbe una banda la sinema?" – Mposaji, Sumbawanga

Mwambie Sam Ntiro alikuwa mchoraji, akafundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa balozi wetu London. Mzee akisikia balozi atavuta kiti. Gesti unazolala usizitaje.

Shangazi, nina gesti. Mgeni wangu, anajiita mhadhiri, ameingia chini ya kitanda na tochi, anapiga picha maungio ya mbao. Niite mgambo? – Mama Gesti

Mwache, dada. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza magogo mawili yaliyofukuliwa pale maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Moja limechongwa pengo, likakaa juu ya mwenzake kama boriti. Yana miaka isiyopungua 476,000, maana yake fundi wake hakuwa hata binadamu wa aina yetu. Mgeni wako anatafuta ukoo wa kitanda chako. Mtoze bei ileile. Ila seremala wako asijue, atadai nyongeza.