Sifa za Bati Linalolia

Miongoni mwa watumishi wasiotajwa katika hotuba za shukrani, hakuna aliyedhulumiwa kuliko mtanuko wa metali, yaani tabia ya chuma, shaba au alumini ya kuongezeka ukubwa ipatapo joto, kwa kuwa chembe zake hutikisika kwa nguvu zaidi na kila moja hudai nafasi kubwa kwa jirani yake. Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo mkoani Iringa, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa kujikunyata na mchana wake ni wa jua kali, mtumishi huyu hafanyi kazi nusunusu. Bati la chuma lenye urefu wa mita 3, likipanda joto kwa nyuzi 40 za Selsiasi, hurefuka kwa takriban milimita 1.4, na la alumini hurefuka karibu maradufu, ukarimu ambao hata muuza bati hajapata kuutoza bei. Msumari unaolishikilia kwenye papi, yaani mbao nyembamba zilizolazwa juu ya kenchi, hulizuia lisitembee, mkazo ukajikusanya, hadi bati linapoteleza kwa ghafla na kupiga ukelele; jua likizama, hurudi lilikotoka kwa ukelele uleule, na mgeni aliyelala chini yake huapa kwamba darini kuna mtu. Wahehe wa zamani, waliolala katika tembe zenye paa bapa la udongo, hawakuijua saa hii ya bure ya kelele za bati, na mtawala wao Mkwawa mwenyewe, ambaye ngome yake ya Kalenga ilivunjwa na Wajerumani mnamo Oktoba 1894, alitawala bila kutangaziwa adhuhuri na paa.

Mtumishi huyuhuyu hufanya kazi hata kwenye reli. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia kupitia Mbeya, ina urefu wa kilometa 1,860. Lau ingekuwa chuma kimoja kilicholala huru, nyuzi 30 tu zingeirefusha kwa mita 670 hivi, na Zambia ingepata reli ya ziada bila kukopa tena China. Wahandisi, watu wasiopenda zawadi, huacha mianya kwenye maungio ili ongezeko hilo limezwe humo.

Tukirudi kwenye paa, ni kweli kwamba kila safari ya bati hulitanua tundu la msumari, na tundu hilo huruhusu maji. Lakini bila uvujaji huo fundi wa paa angekula nini, na lami ya kuzibia ingeuzwa kwa nani? Hata hivyo, wenye nyumba wasio na moyo wa kufadhili mafundi wanashauriwa wakague misumari na raba zake mwezi Oktoba, kwa sababu mvua za Iringa kwa kawaida huanza Novemba.