Sifa za Mshabiki Mlalamishi

Ngamia amesifiwa, mtende umesifiwa, na majahazi ya Sur yamesifiwa mpaka yakapandishwa nchi kavu watu wayapige picha. Hakuna aliyekaa akamsifu mshabiki mlalamishi, yule ambaye mechi ikiisha saa nne za usiku, yeye ndiyo kwanza anaanza kazi. Mnamjua. Huku Oman yupo Nizwa, yupo Ibra, yupo Sur, na kila mji unadhani wake ndiye mbaya kuliko wote. Uwanjani hajaingia misimu kadhaa, lakini anajua kwamba beki wa kushoto amechoka, kocha hana akili na hela za usajili zimeliwa. Hukumu zake huzitoa kwa ujumbe wa sauti, mmoja dakika tatu, wa pili dakika nne, na nyuma yake husikika vikombe vya kahawa vikigongana na mtu akimwambia, "Sheikh, punguza, watoto wamelala." Huzungumza Kiarabu kama wenziwe, ila katika nyumba nyingi za Sharqiyah zenye jamaa Unguja na Mombasa, hasira ikipanda sana hutumbukia kwenye Kiswahili, na wazee wa sabla, yaani baraza la mtaa, hujitia hawakusikia. Mtu huyu amelaumiwa na makocha na wenyeviti kiasi cha kutosha. Nakusudia kumtetea, na hoja yangu ni moja tu: klabu ya mpira haifi kwa kutukanwa, hufa kwa kusahauliwa, na yeye ndiye asiyesahau.

Tuanze na elimu yake, maana wengi humdharau wakidhani ni kelele tupu. Ijumaa asubuhi, kwenye soko la mifugo la Nizwa, mbuzi huzungushwa katikati ya duara la watu. Mnunuzi humsimamisha, akamfungua kinywa kuangalia meno, akamshika kiwele, akampapasa mgongo, kisha akasema bei aliyotajiwa ni wizi. Mlalamishi humpokea mshambuliaji mpya namna hiyohiyo. Umri wake ndio huo ulioandikwa? Goti lile alilopasuliwa limepona? Mbona timu ya mwisho ilimwacha katikati ya msimu? Maswali haya klabu ilipaswa kuyauliza kabla ya kutia saini. Yeye huyauliza baadaye, lakini bure. Tena ana kumbukumbu ya kutisha. Mwulize habari za Ali Al-Habsi. Kila mlalamishi wa Al-Mudhaibi alimwona wa kwanza, tangu anadakia klabu ya mji huo, kabla ya Lyn ya Norway kumchukua 2003, kabla ya Bolton 2006 na Wigan baada yake. Atakukumbusha kwamba alitajwa kipa bora wa Kombe la Ghuba mara nne mfululizo, mara ya mwisho 2009, Oman ilipolitwaa kombe Muscat kwa penalti mbele ya Saudia. Halafu, bila kuvuta pumzi, atalalamika kwamba katika fainali ya Kombe la FA ya 2013, Wigan walipoifunga Manchester City 1-0, golini alisimama Joel Robles, na dhuluma hiyo haijaelezwa hadi leo. Wanaodai kumgundua Al-Habsi ni wengi kuliko waliopata kumwona akicheza alipokuwa kijana. Sawa. Klabu yenye mashahidi wa uongo wengi kiasi hicho ina bahati kuliko ile isiyo na shahidi hata mmoja.

Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo. Vilabu vya Oman haviishi kwa viingilio. Vinaishi kwa ruzuku ya serikali, kwa wadhamini wakipatikana, na mara nyingi kwa mfuko wa mwenyekiti au mfanyabiashara wa mji. Kwa hiyo klabu yaweza kucheza msimu mzima mbele ya viti vitupu na hesabu zake zisitikisike. Mji wa Sur una vilabu vitatu, Al-Oruba, Sur na Al-Tali'a, na vyote vinatumia uwanja mmoja. Al-Oruba ilikuwa bingwa wa ligi 2014/15. Fanja, ya wilaya ya Bidbid huko Dakhiliyah, ilichukua kombe la vilabu vya Ghuba 1989, ikawa bingwa wa Oman tena 2011/12 na 2015/16. Kwa miaka mingi baada ya hapo ubingwa ukaenda Salalah, Suwaiq, Seeb na Buraimi. Sasa nani aliyeendelea kuidai Fanja ubingwa wakati huo wote? Wizara haidai ubingwa, hudai mahesabu. Mdhamini hudai nembo yake ionekane kifuani. Anayedai ubingwa, kila wiki, kama deni lenye tarehe, ni mlalamishi. Hutokea klabu ikasimamisha timu yake ya kwanza kwa sababu ya madeni. Klabu yenye walalamishi hulifanya jambo hilo kwa aibu, na mwenyekiti akawa hapokei simu wiki nzima. Isiyo nao hutoa tangazo la mistari miwili na mji ukaendelea kula halua.

Anayetaka ushahidi zaidi atazame timu za mitaa. Kila wilaya inazo, zimeandikishwa chini ya klabu, wachezaji wake hawalipwi, na viwanja vingine havina hata nyasi. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, mechi ya mitaa miwili ya Ibra hukusanya watu waliojipanga mpaka kwenye mstari wa pembeni, na kila mmoja wao ni mlalamishi. Refa ni binamu ya kipa. Goli lilikuwa la mkono. Bao la mwaka juzi nalo lilikuwa la mkono. Hakuna ruzuku inayoweza kununua ubishi wa namna hii, na hakuna klabu kubwa ya wilaya ambayo isingefurahi kuupata nusu yake katika mechi ya ligi.

Watasema kelele zake hufukuza makocha. Ni kweli, tena si hapa tu. Novemba 2017 Chuo Kikuu cha Tennessee huko Marekani, ambako timu ya wanafunzi hucheza katika uwanja unaoingiza watu zaidi ya 100,000, kilikuwa kimeshaandikiana makubaliano na kocha Greg Schiano. Habari ikavuja siku ya Jumapili. Mashabiki wakawaka mtandaoni na chuoni, wanasiasa wa jimbo wakadakia, na kabla ya kulala makubaliano yalikuwa yameshakufa. Siku chache baadaye mkurugenzi wa michezo aliyemchagua, John Currie, naye akasimamishwa kazi. Mashabiki walishinda. Aliyekuja, Jeremy Pruitt, alifukuzwa Januari 2021 kwa tuhuma za ukiukaji wa kanuni za kuwasajili wachezaji. Dar es Salaam nako, tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliifunga Simba 5-1, na siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, hakuwa na kazi. Simba walimaliza msimu ule nafasi ya tatu. Na Oman yenyewe, kati ya Januari 2024 na Julai 2025 timu ya taifa ilitoka kwa Branko Ivanković ikaenda kwa Jaroslav Šilhavý, ikaenda kwa Rashid Jaber, ikaishia kwa Carlos Queiroz. Šilhavý aliondolewa baada ya mechi mbili tu za raundi ya tatu ya kufuzu Kombe la Dunia, alizofungwa na Iraq na Korea Kusini. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba kelele ndizo zilizotia saini barua hizo. Mabao matano ya mtani yanatosha kuandika barua yenyewe. Lakini tukubali zilichangia. Tunachojifunza ni kwamba mlalamishi anajua asichokitaka na hajui anachokitaka, na hilo si kosa lake. Kazi yake ni kusema kocha hafai. Kusema nani anafaa ni kazi ya watu walioomba vyeo wakapewa. Wakiamua kulifanya lalamiko la saa sita za usiku kuwa ushauri wa kitaalamu ifikapo asubuhi, tumlaumu nani?

Shtaka la pili ni zito zaidi. Mlalamishi hutukana, na mchezaji wa Nizwa au Ibra si tajiri wa mbali anayeishi nyuma ya ukuta. Ni kijana mwenye kazi yake ya mchana au masomo yake ya chuo, na mama yake yumo kwenye kundi lilelile la simu. Utetezi upo, nao unachekesha. Kwanza kuna Amri ya Kisultani namba 12 ya 2011 juu ya makosa ya mitandao, na mlalamishi anaiogopa kuliko anavyomwogopa refa. Kwa hiyo hasemi jina. Husema: "Kuna mtu, simtaji, jezi yake si namba nne wala si namba sita." Mji mzima unamjua na hakuna aliyemtaja. Mafumbo ambayo mabibi zetu waliyafuma kwenye kanga leo yanaishi katika maelezo ya kosa la beki. Pili, undugu humrudisha mtu njiani. Hazipiti dakika tano mtu huandika, "Huyo ni mtoto wa dada yangu," na hapo hapo mlalamishi anagundua kwamba kijana ana adabu, anasali msikitini, na tatizo ni mfumo wa kocha. Kocha ni mgeni, hana mjomba kundini. Utetezi huu lakini una mwisho wake. Wapo vijana wa miaka 18 ambao usiku mmoja wa maneno huwatosha, asubuhi wakarudisha viatu, na baba akasema bora asome. Kwa hao sina la kusema kwa niaba ya mteja wangu.

La tatu ni kwamba halipi. Hanunui tiketi, hanunui jezi, na mkutano mkuu wa klabu ukiitishwa huwa na msiba Muscat. Tuhesabu basi. Simba na Yanga, ambazo Waswahili wengi wa Oman huzifuata kwa karibu kuliko ligi ya nyumbani, kila moja ina msemaji ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kumchokoza mtani na kuwapa mashabiki maneno ya kutumia wiki nzima. Haji Manara aliifanya kazi hiyo Simba mpaka 2021, akahamia Yanga mwaka huohuo na sauti haikupungua hata kidogo. Julai 2022 shirikisho la soka la Tanzania, TFF, likamfungia miaka miwili na kumtoza faini ya shilingi milioni 20. Kumbe kelele rasmi zina gharama zake, na vikao vya nidhamu juu. Za mlalamishi wetu gharama yake ni bando, na analinunua mwenyewe. Klabu inayomhesabu kama hasara haijapata kuandika bajeti ya uhamasishaji.

Kama bado mtu ana shaka, aende akaangalie mahali ambapo mlalamishi hayupo. Chuo Kikuu cha Nizwa kilipokea wanafunzi wake wa kwanza 2004. Ibra ina Chuo Kikuu cha Sharqiyah. Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, kilichoundwa 2020 kwa kuunganisha vyuo vilivyokuwapo, kina matawi yake Nizwa, Ibra na Sur. Timu zipo, vijana wazuri wapo, mashindano ya vyuo huchezwa. Chuo kikifungwa na kingine, kesho yake sabla haina habari. Hakuna anayemtaka mkurugenzi wa michezo ajiuzulu, na wengi hawajui kama yupo. Huko Tennessee raia ambao hawajasoma hata darasa moja pale walikesha kwa ajili ya kocha wa wanafunzi. Huku kwetu hata wanafunzi wenyewe hawajui ratiba. Sisemi tuyatake ya Tennessee yote. Lakini ukitaka watu waijenge timu ya chuo kikuu cha Ibra, usianze na nyasi bandia. Tafuta chuo kimoja cha Dakhiliyah kiwafunge tatu bila, na mtu mmoja Ibra akatae kabisa kuyasahau mabao hayo.

Wapo wenye nia njema watakaosema kwamba, kwa kuwa ana faida zote hizi, achaguliwe kwenye bodi ya klabu. Wasithubutu. Akiingia ndani ataonyeshwa mahesabu, ataona hela zilivyo chache, atamwelewa kocha, na msimu wa pili atakuwa anawaomba mashabiki wawe na subira. Tutakuwa tumepata mjumbe mmoja wa kawaida na kumpoteza mdai wa ubingwa. Bora aachwe alipo. Siku ya uchaguzi hatakuja kupiga kura, na usiku huohuo, saa tano na robo, ujumbe wake wa kwanza utauliza ni nani aliyewachagua watu hawa.